Laptopu Iliyokataa Kuamka

Laptopu iliyoibwa Homa Bay siku ya Jumatano ilipatikana Ijumaa asubuhi mjini Migori, chini ya meza ya Zablon, fundi wa redio. Kibandiko cha mradi wa ushonaji kilikuwa bado kwenye kifuniko. Konstebo aliyeiona alikuwa amepeleka redio ya kituo ikatengenezwe. Alirudi na redio mbovu, laptopu, na Zablon mwenyewe.

Zablon alikuwa afunge ndoa Jumapili. Mchumba wake, Caren, alikuwa amesimama kwenye kaunta ya kituo tangu saa tatu akimuuliza kila askari kama mahakama hukaa Jumamosi. Haikai. Asipotoka leo, Zablon atalala seli hadi Jumatatu.

Inspekta Rael Maroa aliiweka mashine mezani, akaiwasha. Kisanduku kimoja kilitokea kwenye kioo cheusi, kikidai neno la siri. Basi. Hakuna kingine.

"Nani alikuletea?"

"Alisema anaitwa Jeremiah, Madam. Mrefu, mpole, Kiswahili chake kama cha redioni."

"Alikuuzia?"

"Hapana. Alitaka nimfungulie tu. Alisema ni ya mtumba na amesahau neno."

"Ukaamini?"

"Hii ni ya tatu mwaka huu, Madam. Zote za mtumba, na wenyewe wote wamesahau."

Rael aliinamisha uso asionekane akicheka. Zablon akamweleza kazi aliyofanya. Neno lile halikuwa kwenye diski. Lilikuwa limehifadhiwa kwenye ubao wa ndani, kwa hiyo hata ukibadilisha diski, mashine itauliza tu. Alikuwa amechomoa kibetri kidogo cha mviringo, akakiacha nje siku nzima, akakirudisha. Ikauliza tena. Ukikosea mara tatu, inaganda mpaka uizime.

"Huyo Jeremiah aliniachia na hii," alisema, akitoa kikaratasi mfukoni. "Alisema labda ndilo neno lenyewe. Inalikataa."

Kwa herufi kubwa, kikaratasi kilisema: SHINDANO.

Rael alikitia kwenye bahasha ya ushahidi. Mwizi wa kawaida hana neno lolote. Huyu alikuwa na neno, ila si sawasawa. Basi alilisikia mahali. Alichukua Land Rover ya kituo na laptopu, akaelekea Homa Bay.

Mradi ulikuwa chumba kimoja chenye cherehani sita, karibu na soko la samaki. Msimamizi wake, Filister, aliipokea laptopu kwa mikono miwili kama mtoto aliyepotea. Marafiki wa kanisa ng'ambo walikuwa wameituma mwaka uliopita, wa 1997, ikiwa imeshatumika miaka mingi. Jumanne alikuwa ameifunga kwa neno la siri, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakicheza karata ndani yake.

Aliandika neno. Mashine ikaamka.

"Ni neno gani?" Rael aliuliza.

"Sindano."

"Niandikie."

Filister aliandika SINDANO, kisha akatazama juu. "Madam, mimi ni Mjaluo, najua 'sh' inanitoroka. Sati, sule, samba, wananiceka kila siku. Lakini nikisema sindano, ni sindano tu."

Rael alimwelewa. Chuoni, yeye Mkuria ambaye 'l' humgeukia 'r', walimcheka kwa "rakini" na "kura" zake, hata pale alipomaanisha kura kweli. Watu wakishazoea kukusahihisha, huwa hawasikii tena umesema nini.

Aliuliza ni nani waliosikia neno hilo likitajwa. Filister alikuwa amemwambia msaidizi wake, Roselyn, ambaye alilitumia vizuri jioni ileile. Mtu mwingine aliyekuwapo ni Benard Okari, karani, akipanga vitambaa. Mgusii, ila alilelewa Mombasa. Ndiye mwalimu wa kujitolea wa matamshi ya Filister.

Benard aliitwa. Mrefu, mpole.

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa, Afande."

"Nisaidie kitu. Filister amebadilisha neno la siri sasa hivi. Anasema ni 'sati'. Liandike hapa."

Benard aliandika bila kufikiri: SHATI.

Rael aliweka kikaratasi cha Zablon kando yake. Herufi zilikuwa zilezile, hata mkia wa ile A.

"Umemsahihisha tena," alisema kwa upole. "Lakini hili la kwanza, sindano, alikuwa amelisema sawa."

Benard alitazama karatasi mbili zile. Kisha akaketi bila kuambiwa.

"Kuna barua mle ndani," alisema.

"Barua gani?"

"Niliiandika Jumatatu. Kwa Filister. Nikaona aibu, nikasema kesho nitaifuta. Kesho yake mashine ikafungwa."

"Ndipo ukaiiba?"

"Nilijaribu neno mara tatu, ikaganda. Nikaogopa ataisoma kabla sijaifuta. Nilitaka kuirudisha, Afande. Sikujua kuna mtu angefungwa."

"Yuko seli. Jumapili ni arusi yake."

Benard alifunika uso.

Filister alikuwa ameshaipata barua. Aliisoma kimya hadi mwisho, akarudi juu, akaanza upya.

"Benard, hapa umesema macho yangu yanakusumbua. Ni sifa ama ni malalamiko?"

"Sifa."

"Basi ungesema tu. Miaka miwili unanifundisa kusema, na wewe hujui."

Aliomba karatasi aandike kwamba mradi haumshtaki mtu. Barua nyingine, alisema, ataijibu akipata nafasi. Rael alichukua maelezo ya Benard, akamwonya vikali kuhusu mali ya ofisi, akamwamuru aende Migori kesho kumwomba fundi msamaha. Kisha akainua simu.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

"Mtoe Zablon," alimwambia konstebo wa zamu kule Migori.

"Tumeshamwambia kuna dalili atatoka leo, Madam. Amekataa kutoka."

"Amekataa?"

"Tulimpa redio yetu aitazame, asikae bure. Ameifungua yote mezani. Anasema ni Msabato, leo jua likitua Sabato inaanza na hagusi kazi, na hawezi kuiacha hivi mpaka Jumapili, maana Jumapili hatakuwa na nafasi."

"Na Caren? Mwambie Caren amtoe."

"Caren yuko naye ndani, Madam. Anamshikia tochi."