Mvumo Chini ya Kiti cha Nyuma

Kila asubuhi Kijiti aliketi kiti cha nyuma cha gari la mama yake, mdogo wake wa kiume ubavuni, na mapazia yakining'inia nyuma yao kwenye ufito mithili ya watu warefu wasio na vichwa. Mama alikuwa mshonaji wa mapazia. Aliwashusha watoto shuleni, kisha akaendelea kuwapelekea wateja kazi zao. Kijiti aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Hakuwa na mazoea ya kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa na mtu mzima.

Gari lilikuwa la zamani. Masega yake, yaani kile kifaa cha bomba la moshi chenye vitundu kama sega la nyuki vinavyopunguza sumu, yalikuwa yamevunjika na kuziba njia, hata gari likashindwa kupanda mlima. Mjomba akaleta mengine kutoka kwa mchuuzi wa barabarani.

"Dada, nimekuokoa," alisema. "Dukani wangekukamua kama ng'ombe."

"Yanalingana na gari hili?"

"Chuma ni chuma. Yakikataa kulingana, waya upo."

Yalikataa, na waya ukatumika.

Haukupita muda mrefu, mvumo ukaanza. Ulitoka chini ya kiti cha nyuma, wa taratibu, ukipanda na kushuka.

"Kuna mtu anaimba huku amefumba mdomo," mdogo wake alisema.

"Yuko wapi?"

"Chini yangu."

Kijiti alimwambia aache upuuzi, ingawa naye alikuwa ameusikia. Kila walipofika shuleni kichwa kilimgonga, na kufikia mapumziko kikapoa. Mdogo wake alianza kusinzia njiani na hata darasani, wenzake wakamwita Popo, kwa kuwa analala mchana.

Kisha mama akakuta alama tano nyeusi kwenye pindo la pazia jeupe, zimepangana kama ncha za vidole. Mjomba alizitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Gari hili lina mwenyewe," alisema. "Na hajaridhika kuliuza."

Bibi, aliyewazaa mama na mjomba, hakuwa mtu wa kubishana na mambo kama hayo. "Huo mlio uko nje, unawafuata," alisema. "Kisichofunguliwa dirisha hakiingii. Kesho nitapanda nanyi, na madirisha yote yafungwe."

Basi kesho yake Bibi akaketi mbele, na madirisha yakafungwa hadi juu. Kitu chenyewe, kama kilikuwepo, hakikuombwa maoni.

Ndani ya gari hewa ilikuwa nzito. Kichwa kikimuuma, Kijiti aligeuka nyuma. Pazia jeupe lilikuwa linapumua. Pindo lake lilivimba polepole, likatulia, likavimba tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Hapakuwa na upepo, wala mahali pa kuupitisha. Alimshika mdogo wake mkono ili amwonyeshe, mkono ukaanguka kama kitambaa. Akamfinya. Hakushtuka.

"Mama, simamisha gari."

"Tumeshakaribia, mwanangu."

"Mama. Haamki."

Mama alisimama hapo hapo bila hata kuzima injini. Alimtoa mtoto na kumlaza kando ya barabara, Bibi akipiga magoti na kumpepea kwa kanga. Kwa kitambo uso wa mtoto haukuonyesha chochote. Kijiti, aliyeshindwa kuutazama, alikwenda kufungua buti na kuliinua lile pazia. Chini yake sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, na tundu la ukubwa wa kiganja lilikuwa likitoa pumzi ya moto. Akaliziba kwa mkono. Mkono ulirudi mweusi. Mizimu, kwa habari zote alizowahi kusikia, haina masizi.

Nyuma yake mdogo wake alikohoa, akatapika, akauliza kama ni wakati wa mapumziko.

Katika zahanati ya jirani daktari alimwekea mtoto barakoa ya oksijeni. Kijiti akaonyesha kiganja chake.

"Ni moshi wa gari," daktari alisema. "Sumu yake mbaya kuliko zote haina rangi wala harufu. Huanza na kichwa, kisha usingizi, kisha..." Akarekebisha barakoa.

Mtoto alipopona, gari lilivutwa hadi kwa fundi wa mabomba ya moshi. Alifungua waya, akayainua yale masega kwenye mwanga, na upande wa pili ukaonekana uso wa mjomba.

"Gamba tupu," fundi alisema. "Halichuji kitu, na maungio yanavuja, ndiyo yanayovuma. Moshi umepanda kwenye tundu la sakafu."

"Masega ya kampuni ya gari siyawezi, fundi," mama alisema.

"Huyahitaji. Haya ni ya kiwanda kingine, bei yake ni nafuu. Lakini tazama: yameandikwa injini yanayoifaa, yana alama ya ukaguzi na dhamana, na ndani yamejaa. Yanakaa bila waya. Na sakafu nitaichomelea."

Mjomba aliyapima kwa macho. "Kwa nje hayana tofauti."

"Kwa nje," mama alisema, "hata mtoto alikuwa amelala tu."

Mjomba aliuokota ule waya, akautupa.

Bibi alizungumza fundi alipokuwa chini ya gari. "Mimi ndiye niliyefungisha madirisha. Niliogopa kilicho nje, kumbe tumejifungia nacho. Wajukuu zangu, kununua cha bei nafuu si kosa. Kosa ni kununua bila kutazama ndani. Na jambo likiwatisha, lichunguzeni kwanza kabla ya kulipachika jina."

Walirudi nyumbani madirisha yakiwa wazi. Mdogo wake Kijiti hakusinzia hata kidogo; aliongea njia nzima, bila kituo, hadi kila mmoja akatamani alale. Hakuna aliyethubutu kulitamka hilo.