Lupe na Uzazi wa Kwenye Televisheni

Hivi wewe, umewahi kutazama mtu akijifungua kwenye televisheni? Lupe, msichana wa miaka kumi na miwili wa kisiwa cha Savai'i, alitazama kila Jumatano. Akishaosha vyombo na kutandika mikeka, aliketi na dada yake Pelenise, mwenye mimba ya kwanza, kutazama kipindi cha afya. Kila mara mambo yalikuwa yale yale: mama kalala chali, nyaya tele mwilini, mashine zinalia, madaktari wanakimbia, na baada ya dakika tano, mtoto huyo!

Kwao mjamzito haachwi peke yake hata kidogo, na mwandani wa Pelenise alikuwa Lupe. Walilala mkeka mmoja, wakala sahani moja. Hata hivyo, Lupe alificha jambo moja moyoni. Aliogopa kwamba dada yake atakufa, na hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi moja ya likizo, mama yao akiwa kwenye shamba la magimbi, Pelenise alishika kiuno.

"Lupe, nadhani uchungu umeanza."

"Umeanza? Basi zimebaki dakika tano!"

Akatoka mbio hadi penye mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa mtini, ule unaogongwa jioni ili magari yasimame na kila mtu aingie nyumbani kusali. Akaokota chuma, akaugonga kwa nguvu zake zote. Lo! Badala ya kuja kusaidia, watu wakaingia majumbani. Basi likasimama barabarani. Wazee wakaketi, wakainamisha vichwa, wakaanza wimbo wa sala saa nne ya asubuhi!

Aliyekuja ni Sieni tu, muuguzi wa zahanati ya kijiji, na mwavuli wake mkononi.

"Nani anatusalisha jua likiwa pale?"

"Sista, dada anazaa! Zimebaki dakika mbili!"

Sieni akamfuata nyumbani, akamtazama Pelenise, akampima, akamsikiliza mtoto tumboni. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Dakika mbili! Mwanangu, huyu ana safari ya saa nyingi. Muda tunao, hata wa kwenda kuwaambia wale waache kuimba."

Wakapanda basi lile lile, mama yao wakamchukua njiani na matope yake miguuni. Walipofika hospitali, Pelenise alipanda kitandani moja kwa moja, akalala chali, mkavu kama ubao. Kila uchungu ulipokuja, aliuma midomo.

"Nani kakwambia ulale?" Sieni akauliza.

"Kwenye televisheni wanalala."

"Na wewe unataka nini?"

"Chochote tu, Sista."

Hapo Lupe akashindwa kujizuia. "Sista, dada atakufa?" akauliza, machozi yakimtiririka.

Sieni akamvuta karibu. "Mtoto yuko sawa, na dada yako ana nguvu. Sikilizeni, nyote wawili. Wenye kamera huchagua dakika za kutisha. Saa za kutembea, kunywa kakao na kucheka wanazikata. Mashine na upasuaji vina siku yake, na siku hiyo tunashukuru vipo. Ndiyo maana tumekuja hapa. Lakini si kila mama anavihitaji. Ukiogopa, uliza. Ukitaka kitu, sema. Sisi wauguzi hatusomi mioyo."

"Mimi nilimzaa huyu Pelenise nimepiga magoti," mama yao akadakia, "huku namtukana baba yake!"

Wote wakaangua kicheko, hata mgonjwa wa kitanda cha pili.

Jioni ile alizaliwa mtoto wa kike, mzima kabisa, na mashine haikuhitajika. Lakini furaha ya siku ile ilianza mapema zaidi, baada ya kicheko kile, Pelenise alipoinuka, akashusha miguu sakafuni na kusema:

"Nataka kutembea, Sista. Nataka mama anikande mgongo. Na Lupe asiniachie mkono."