Nyumba Iliyomnyamazisha Kasuku

Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Msafi alikuwa ameshainama na ufagio. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani aliitwa Msafi, kwa sababu tangu alipoweza kushika ufagio hakuwahi kuona uchafu akaupita. Alifagia chini ya vitanda, nyuma ya kabati, hadi kwenye pembe ambazo mjusi mwenyewe alikuwa hajazitembelea.

“Mwanangu, utafagia mpaka sakafu ichakae,” Mama alimtania.

Mdogo wake aliitwa Kasuku, na sababu ya jina hilo hakuna aliyehitaji kuiuliza. Mtoto huyo hakuwa ameanza hata chekechea, lakini aliongea akila, akaongea akioga, akaongea usingizini. Wageni walipokuja aliwasimulia siri zote za nyumbani, pamoja na jinsi Baba anavyokoroma. Msafi alijifanya kuchoshwa na kelele hizo, ingawa kwa kweli alimpenda mdogo wake kupita kiasi.

Baba yao alikuwa fundi rangi. Mwaka huo alipata kazi ya kukwangua rangi ya zamani katika nyumba moja kubwa iliyokaa muda mrefu bila mtu. Mwenye nyumba alitaka fundi alale humo humo ili vifaa visiibiwe, basi familia nzima ikahamia katika vyumba viwili vya nyuma. Mama alikwenda kazini, katika duka kubwa alikokuwa akipanga bidhaa. Msafi alikwenda shule. Kasuku alibaki na Baba, akicheza kwenye korido huku skrepa, ile bapa ya chuma yenye mpini, ikikwaruza ukuta siku nzima. Kwaruu. Kwaruu.

Siku waliyohamia, jirani mmoja alisimama langoni akiwatazama. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning’inia shingoni mwake.

“Mnahamia humo ndani?” aliuliza. “Na mtoto mdogo?”

“Kuna tatizo gani, dada?” Mama aliuliza.

Yule jirani alisogea karibu. “Familia ya mwisho kukaa humo ilikuwa na mtoto wa umri kama huyu. Alikuja anaongea vizuri tu. Walipohama alikuwa haongei, anatazama ukuta tu. Watu wanasema nyumba hiyo inameza sauti za watoto.”

Baba alicheka. “Watu hawaishiwi maneno, shemeji. Nyumba haina mdomo.”

Msafi hakucheka. Aliitazama ile nyumba kwa makini. Rangi ya kijani ilikuwa imevimba na kubanduka, chini yake kukatokea nyeupe, na chini ya nyeupe samawati iliyofifia. Ilikuwa kama nyumba inayojichuna ngozi.

Siku za mwanzo zilipita salama. Kilichomshangaza Msafi ni vumbi. Alifagia chumba asubuhi mpaka kikang’aa, lakini aliporudi kutoka shuleni mchana alikuta utando laini wa kijivu umetanda kila mahali: sakafuni, mezani, hata kwenye mto wa Kasuku. Alijaribu kufunga mlango na dirisha. Vumbi likaja vilevile. Akaongeza bidii, akawa anafagia asubuhi na tena mchana.

Mchana mmoja alikuta nyayo ndogo katika vumbi hilo. Zilitoka mlangoni, zikaenda moja kwa moja mpaka dirishani, zikaishia hapo. Za kurudi hazikuwepo, ila alama za viatu vya Baba tu. Na juu ya ubao wa chini wa dirisha, mahali rangi ilipobanduka, kulikuwa na alama ndogo ndogo zilizopangana vizuri. Zilikuwa alama za meno.

“Panya hao,” Baba alisema alipoonyeshwa.

Msafi alitaka kuamini. Lakini panya gani mwenye meno mapana hivyo?

Kisha Kasuku akaanza kupunguza maneno. Kwanza aliacha kusimulia, akawa anajibu tu. Halafu akaacha kujibu. Alikataa chakula, akashika tumbo na kulia bila kusema linauma wapi. Alipoacha kulia alikaa sakafuni akitazama ukuta, uso umepauka, midomo imefumba. Msafi alimwimbia, akamtekenya, akajifanya ameanguka chini kama alivyozoea kumchekesha. Kasuku alimtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua.

“Anaota meno,” Mama alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika. Meno ya Kasuku yalikuwa yameshaota yote.

Baba naye alibadilika. Aliamka na maumivu ya kichwa na viungo, akawa mkali kwa mambo madogo. Siku moja Msafi alimkuta amesimama katikati ya jiko na skrepa mkononi.

“Baba, unatafuta nini?”

Baba aligeuka polepole. “Nilikuja kuchukua kitu,” alisema. “Sikumbuki ni kitu gani.” Akaendelea kusimama pale pale.

Msafi alirudi nyuma hatua moja. Maneno ya fundi cherehani yalimrudia yote. Nyumba ilikuwa imemeza sauti ya Kasuku, na sasa ilikuwa imeanza na akili ya Baba. Je, Mama atafuata? Na yeye mwenyewe, ambaye siku hizi kichwa kilimuuma darasani? Aliogopa sana, lakini zaidi ya kuogopa alikasirika. Alikata shauri kukaa chumbani mchana, wakati ule ule vumbi linapoingia, ili amwone huyo anayelileta.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa kazini, Baba alikuwa kwenye korido. Msafi alimketisha Kasuku kitandani, akafunga mlango, akafunga dirisha la mbao, akakaa pembeni kimya. Chumba kikawa giza, isipokuwa mwale mmoja wa jua uliopenya kwenye tundu la dirisha na kukata chumba kutoka juu hadi chini.

Nje ya mlango skrepa ilikwaruza. Kwaruu. Kwaruu.

Mwanzoni hakuona kitu. Kisha, chini ya mlango, pale ncha ya mwale ilipogusa sakafu, akaona kitu kinaingia. Kilitambaa chini chini, laini, bila sauti, kama moshi usio na moto. Kilipofika kwenye mwanga kikainuka taratibu. Msafi akasimama. Akajikaza kisabuni, akafanya kitu pekee alichojua kukifanya mbele ya uchafu. Akashika ufagio akaanza kufagia.

Hapo ndipo alipoona. Kila alipovuta ufagio, mwale wa jua ulijaa. Vumbi halikwenda mlangoni kama alivyodhani siku zote. Liliruka juu, likazunguka katika mwanga, likasambaa chumba kizima, kisha likaanza kushuka polepole juu ya kitanda, juu ya mto, juu ya kichwa cha Kasuku. Ufagio ulimtoka mkononi.

Kasuku alikuwa ameinua mkono kwenye mwale ule. Aliutazama ukijaa vumbi jembamba, akautia mdomoni, akalamba vidole kimoja kimoja. Kisha akatamka neno lake la kwanza baada ya kimya cha muda mrefu.

“Tamu.”

Akashuka kitandani, akatembea mpaka dirishani, akaweka meno yake juu ya ubao.

Msafi alipiga kelele hata Baba akaja mbio. Alimwonyesha yote: mwale, vumbi, ufagio, ubao. Baba alipoona yale meno madogo yakilingana na zile alama, alimnyakua Kasuku, akamvuta na Msafi, wakatoka nje ya nyumba hiyo bila hata kufunga mlango. Ndivyo Baba alivyokuwa akimbeba Kasuku kila alipomkuta dirishani akizurura, ndiyo maana nyayo ndogo za kurudi hazikuwepo.

Kwenye kituo cha afya Mama aliwakuta wanasubiri. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alisikiliza kila kitu, akaagiza wote wapimwe damu. Majibu yalipotoka aliwaita ofisini.

“Nyumba hiyo haina jini,” alisema. “Ina madini ya risasi. Zamani yaliwekwa kwenye rangi ili idumu na ing’ae. Ukiikwangua kavu, yanakuwa vumbi. Vumbi hilo hulioni likiingia, lakini linaingia kwa pua na kwa mdomo, na linakwenda kwenye damu na kwenye ubongo. Watoto wadogo ndio huumia zaidi. Na kibaya zaidi, rangi hiyo ina ladha tamu, kwa hiyo mtoto akiionja anairudia.”

“Kwa hiyo yule mtoto wa zamani…” Mama alisema.

“Huenda naye alikuwa akitafuna rangi ya dirisha iliyobanduka. Bahati mbaya watu walitafuta mchawi badala ya kutafuta daktari.”

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. “Mimi nimemlisha sumu mwanangu,” alisema. “Kila jioni nilikuwa nambeba nikiwa na ovaroli ile ile ya kazi.”

Msafi hakuweza kuzuia tena machozi. “Si wewe, Baba. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia. Nilikuwa namrushia mwenyewe.”

Daktari alizunguka meza akachuchumaa mbele yake. “Nisikilize, mwanangu. Ulifanya kazi nzuri kwa njia usiyojua kuwa ni mbaya. Leo umejua. Bila macho yako mdogo wako angeendelea kulamba vumbi hilo mpaka tushindwe kumsaidia.”

“Ataongea tena?” Msafi aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali la wote, ila wakubwa waliogopa kuliuliza.

Daktari hakumdanganya. “Sijui atarudi kwa kiasi gani. Tutampa dawa za kupunguza risasi mwilini, atakula vizuri, tutampima mara kwa mara. Lakini la kwanza na la lazima, asirudi katika nyumba ile.”

Hawakurudi kuishi huko. Walihamia kwa mama mdogo, mdogo wake Mama, wakabanana katika chumba kimoja. Kila kilichotoka katika nyumba ile kilioshwa kwa maji na sabuni kabla ya kuingia, na godoro la Kasuku halikuingia kabisa. Baba naye alitibiwa, akapumzika, kisha akaenda kwa afisa wa usalama kazini kufundishwa upya kazi aliyodhani anaijua.

Aliporudi peke yake kumalizia kazi ya nyumba ile, alifanya tofauti. Alifunga milango kwa plastiki nene na kubandika tangazo la kuzuia watu. Alivaa barakoa yenye chujio, si kitambaa cha kufunika pua. Aliulowesha ukuta kabla ya kuugusa, wala hakuipiga rangi msasa ikiwa kavu wala kuichoma kwa moto kama mafundi wengine wanavyopenda. Mabaki aliyakusanya yakiwa na maji, akayafunga ndani ya mifuko imara ili yapelekwe kunakoruhusiwa. Hakula wala kunywa ndani ya eneo la kazi. Alipomaliza alioga huko huko, akabadili nguo hadi viatu, na ovaroli haikuja nyumbani.

Mafundi wenzake walimcheka. “Umekuwa daktari wa kuta?” Baba aliwajibu kwa kuwasimulia habari za Kasuku. Kicheko kikaisha.

Jioni moja Msafi alikuwa akipiga deki chumba cha mama mdogo kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hakuupenda tena. Baba alikaa mlangoni akamtazama.

“Unajua, mwanangu,” alisema, “mimi nilidhani bidii ni kukwangua haraka nimalize. Wewe ulidhani bidii ni kufagia sana. Wote tulichoka kweli kweli, na wote tulimuumiza mtu tuliyekuwa tunamhangaikia. Kuanzia sasa, kabla hatujaanza kazi yoyote, tuulize kwanza inaweza kumdhuru nani. Usione haya kuuliza. Mimi niliona haya kuuliza kuhusu rangi ile, ona kilichotokea.”

“Nitauliza, Baba,” Msafi alijibu.

Kasuku alikuwa amekaa karibu yao akichezea vijiko. Rangi ya uso ilikuwa imerudi, na hamu ya chakula pia. Maneno yalikuwa yanakuja moja moja, kwa kusuasua: maji, dada, hapana. Neno hapana alilipenda sana. Lakini yule Kasuku wa kusimulia alikuwa bado hajarudi, na kila mtu alijifunza kutomtazama mdomo kwa kumsubiri.

Muda ulipita. Siku moja Baba alirudi kutoka kazini, akakuta mtu mdogo amesimama katikati ya mlango. Kasuku alikuwa amenyoosha mkono mbele, kiganja wazi, kama askari wa barabarani.

“Baba,” alisema, “umeoga?”

Ndani, Mama aliacha kukata vitunguu. Msafi aliacha kuandika.

Baba alisimama wima kizingitini. “Nimeoga, bosi.”

“Na nguo za kazi?”

“Nimeziacha kazini.”

“Na viatu?”

“Na viatu.”

Kasuku alimkagua kuanzia juu hadi chini bila haraka, kisha akasogea pembeni.

“Haya, pita. Dada kasema vumbi si tamu, ni baya, na Mama jana alikula nyama jikoni peke yake.”

Mama alijifunika uso kwa kanga, akicheka na kulia kwa pamoja. Baba alipiga magoti mlangoni, akafungua mikono, na safari hii akamkumbatia mwanawe bila woga.