Fishi ya Waridi na Simu Mbili Nyeusi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mimi ndiye ninayefungua nyumba ya baba mdogo Iliasi ya kuchajia simu, karibu na soko la Kasongo. Nainua ubao wa dirisha, nafuta vumbi la usiku, kisha naanza kupokea simu za watu. Umeme wetu unatoka kwenye paneli za jua zilizo juu ya bati. Simu ikifika, nabandika mgongoni mwake kipande cha sparadra, ile plasta nyeupe ya vidonda, na kuandika namba. Mwenyewe nampa kipande cha katoni chenye namba ileile. Bila katoni, hapati simu. Ndivyo baba mdogo alivyoanza kazi hii, na hataki ibadilishwe.

Wiki ninayoisimulia nilikuwa nimechoshwa na watu. Tulikuwa mwaka wa nane, na shuleni tulipewa fishi, ile fomu ya kuchagua opsiyo, yaani masomo tutakayosoma miaka minne inayofuata, mpaka mtihani wa serikali. Mimi nilitaka infomatiki, masomo ya kompyuta, na kila mtu akawa na neno. Bibi alitaka nisome ushonaji, kwa sababu cherehani anayo tayari. Baba, ambaye analima huko Wamaza, alituma salamu kwamba ualimu ndio unaomfaa mtoto wa kike. Baba mdogo ndiye mlezi wangu hapa mjini, na sahihi yake ndiyo iliyotakiwa. Yeye alisema infomatiki ni kuchaji simu, na simu nachaji tayari. Nilimweleza mara tatu. Mara ya nne nilitoka nje, maana nilikuwa karibu kulia kwa hasira.

Fishi ilitakiwa kurudi Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Asiyeirudisha na sahihi angepelekwa kwenye opsiyo yoyote yenye nafasi.

Jumatano, Madamu Euphrasie, mwalimu wetu wa hesabu, aliniita mbele. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupitia fishi zetu. Alisoma ya kwangu, akavua miwani. Kwenye mstari unaouliza sababu ya kuchagua, nilikuwa nimeandika: Kwa sababu najua simu kuliko watu wote wa mtaa.

"Hii iko sababu?" aliuliza.

"Ndiyo, Madamu."

"Na hesabu yako, ulipata ngapi?"

"Arobaini na nane juu ya mia. Lakini Plamedi alisema kule hakuna hesabu. Eti mashine inahesabu yenyewe."

Madamu alimtazama Plamedi, rafiki yangu, naye akainamisha kichwa kwenye daftari. "Nani anaiambia mashine namna ya kuhesabu?" Madamu aliuliza. "Kule hesabu ni nyingi kuliko opsiyo zingine. Enda ufikiri, Waridi. Leta sababu ya kweli."

Nilitoka shuleni nimenuna. Nyumbani hawanielewi, na sasa hata mwalimu. Nilipofika kazini, watu walikuwa wamejaa dirishani na sparadra ilikuwa imebaki kidogo. Nikajiambia kwamba kichwa changu kinatosha. Kwa nini mtu anayejua simu kuliko mtaa mzima apoteze muda akikata plasta? Nikaanza kupokea simu bila namba. Huyu mwenye kofia, ile ya buluu. Yule mwenye kikapu, ile iliyopasuka kioo. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, na nilijisikia fundi kwelikweli.

Mama Mado, muuza mawese wa jirani, alileta simu yake ndogo nyeusi. Nyuma yake alikuja mfanyabiashara wa dhahabu aitwaye Katembo, mwenye haraka ya kwenda Kabambare kwa pikipiki. Yake pia ilikuwa ndogo na nyeusi. Baada ya saa mbili Katembo alirudi, motari, mwendesha pikipiki wake, akiwa anamngoja na injini inanguruma. Nilimpa simu, akaitia mfukoni bila kuitazama, akaondoka.

Saa kumi Mama Mado alikuja kuchukua yake. Nilibonyeza ile iliyobaki ubaoni, na kwenye kioo ikatokea picha ya Katembo mwenyewe, amesimama kando ya shimo na koleo begani. Ya Mama Mado nilikuwa nimempa Katembo.

"Imejaa?" aliuliza Mama Mado.

"Bado, Mama," nilisema. "Bado haijajaa."

"Nitarudia kesho asubui. Binti yangu Laetitia iko ku Kabambare, siku zake za kuzaa zimefika. Ile simu njo nangojea habari nayo."

Alipoondoka, niliizima simu ya Katembo na kuificha chini ya meza, ndani ya boksi la nyaya kuukuu. Nilifikiri Katembo atagundua kosa, ataileta mwenyewe, nami nitabadilisha kimyakimya. Kama baba mdogo angejua, sahihi ningeisahau.

Alhamisi alfajiri, kabla sijainua ubao, Mama Mado alikuwa tayari mlangoni. Nilimwambia jua la jana lilikuwa hafifu. Aliangalia juu, kwenye mbingu ambayo haikuwa imeona wingu wiki nzima, kisha akaniangalia mimi. Nilipotoka shule nilimkuta amekaa kwenye benchi letu.

"Tangu jana, Waridi?" alisema. "Simu gani inakula moto namna hiyo?"

Nilikuwa nimemkasirikia. Najua ni ajabu, lakini nilimkasirikia kwa kuja kwake, kwa kuuliza, kwa kuwa na simu inayofanana na ya mtu mwingine. Nikasema, "Batri yako imezeeka, Mama. Haishiki tena."

Alichukua kikapu chake akaenda. Nilishusha pumzi, nikaanza kukata sparadra, maana tangu jana sikuthubutu tena kupokea simu bila namba. Haikupita nusu saa, akarudi. Mkononi alikuwa na batri mpya, bado iko ndani ya karatasi yake.

"Nimeacha mawese sokoni nikaenda kununua hii," alisema. "Weka, mwanangu, tusikie kama Laetitia amepiga."

Wakati huohuo baba mdogo alikuwa anaingia kutoka msikitini. Mama Mado alinishikisha batri. Nilisimama nayo na sikuwa na simu ya kuitia. Hapo uongo uliniishia. Nilisema yote palepale: sparadra niliyoacha, Katembo, jua hafifu, batri. Sauti yangu ilikuwa ndogo hadi baba mdogo akaniambia nirudie.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. "Na simu ya Katembo iko wapi?" aliuliza.

"Chini ya meza. Niliizima."

"Uliizima." Alifunga macho. "Mutu amepoteza simu. Kitu cha kwanza atafanya ni nini? Si atapiga namba yake, asikie nani iko nayo? Na weye ukaizima. Washa."

Niliiwasha. Hatujamaliza hata kumtafutia Mama Mado kiti, ikaita. Baba mdogo aliiweka kwenye sauti ya juu.

"Tangu jana napiga," ilisema sauti ya Katembo kwa uchovu. "Tangu jana, nyie watu. Niko ku Kabambare, nimeazima simu ya mutu, hii yenu haina salio. Hii mulinipa iko ya nani? Kuna binti anaipiga kila saa. Anasema nimuambie mama yake amezaa mutoto mwanaume, wote wazima. Miye namuambia miye si mama yake, hasikii, anapiga tena."

Mama Mado alikaa chini kwenye kizingiti. Aliziba uso kwa kitenge chake, mabega yakatetemeka, na sikujua kama analia au anacheka. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa Jumatano jioni. Siku nzima habari ile ilikuwa inamtafuta, nami nilikuwa nimeifungia kwenye boksi la nyaya. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona.

Ijumaa, motari aitwaye Sumaili aliyekuwa anatoka Kabambare alileta simu ya Mama Mado, akapewa ya Katembo airudishe. Batri tuliirudisha dukani. Lakini fishi ilibaki mezani bila sahihi.

"Mutu anashindwa kuchunga simu mbili," alisema baba mdogo, "atachunga ordinatere?"

Ordinatere ni kompyuta, na ndiyo niliyotaka kuisomea. Jioni ile Madamu Euphrasie alikuja kuchaji simu yake, maana hata yeye ni mteja wetu. Baba mdogo alimsimulia kila kitu mbele yangu, bila kuniachia hata kipande. Madamu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Ordinatere ikikosea, inafanya nini?"

"Inaandika kosa kwenye ekrani, pale kiooni, Madamu."

"Kwa nini?"

"Ili mtu alione, alitengeneze."

"Na weye ulipokosea, uliandika nini?"

Nilitazama miguu yangu. "Bado haijajaa," nilisema.

"Mashine inayoficha kosa lake hakuna anayeitaka. Mutu vilevile. Kukosea, wote tunakosea, hata miye ubaoni. Ukilisema siku ileile, kosa ni dogo. Ukilificha, linaingia mpaka ku nyumba ya mutu aliyezaa." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Na weye, Baba Iliasi, unasema infomatiki ni kuchaji simu. Apana. Infomatiki iko kwenye hii sparadra yako. Kila kitu na namba yake, kila namba na mwenyewe, ili kazi isitegemee kichwa cha mutu mumoja. Unaifanya miaka yote. Mutoto njo alikuwa hajaielewa."

Baba mdogo aliitazama rola ya sparadra kama mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza. Nadhani alifurahi, ingawa alikunja uso. "Na hesabu?" aliuliza. "Arobaini na nane?"

"Atakuwa anakuja kwangu mara tatu kwa wiki," alisema Madamu, "na hapa atafanya mazoezi kila siku kabla ya kupokea simu za mchana. Bila hesabu, hata nikimuandikisha, atarudi nyumbani mwaka wa kwanza."

Nilikubali. Sikupenda, lakini nilikubali. Nilichukua fishi, nikafuta ile sababu ya kwanza mpaka karatasi ikataka kutoboka, nikaandika nyingine kwa Kifaransa. Baba mdogo aliuliza nimeandika nini, nikamsomea kwa Kiswahili: Kwa sababu nilitoa simu bila namba, kisha nikadanganya, na sasa nataka kujifunza kazi ambayo kosa linasemwa.

Alisoma fishi yote tena, polepole, akitembeza kidole. Kisha akatia sahihi.

Madamu alitoa simu yake mkobani, akaiweka mezani mbele yangu, akangoja. Nilikata kipande cha sparadra, nikakibandika mgongoni mwa simu, nikaandika namba. Halafu nikampa katoni yake.