Aliyelaliwa na Kimondo

Mashati ya Fundi Baridi yalianza kuchanika mabegani. Mkewe alikuwa mshonaji, na kwa habari ya nguo hakuna aliyeweza kumdanganya. Shati la kwanza alilitia kiraka bila kusema neno. La pili alilipeleka dirishani. Kila bega lilikuwa na matundu manne mbele na moja nyuma, na kola imevutwa kisogoni, kama shati la mtu aliyeshinda amebeba mtoto mgongoni.

"Fundi, siku hizi unabeba friji za watu?"

"Nazisukuma tu, bibie. Ila huu mgongo hauniachi nipumue."

Friji ndizo zilizompa lile jina mtaani. Alizitengeneza siku sita za wiki. Ya saba ilikuwa ya mashine yake, fimbo ndefu yenye kichwa cha duara kama sahani, ambayo aliipitisha juu ya ardhi huku amevaa hedifoni, nayo ikikuta chuma au dhahabu chini, inalia. Miaka minane alizunguka nayo kwenye makorongo makavu nje ya mji. Alikuwa amepata ndoo nzima ya vizibo vya soda, makufuli, risasi kuukuu, na chembe moja ya dhahabu kama punje ya mchele, aliyoiweka kwenye chupa ya dawa na kuwaonyesha wageni hata kabla hawajapewa maji.

Wiki moja kabla ya shati la kwanza, alirudi na kimondo. Lilikuwa jiwe jeusi la ukubwa wa mkate, lenye mabonyeo kama ya vidole kwenye unga uliokandwa, na zito kuliko umbo lake. Alilitoa kwenye shimo la kina cha kiuno. Aliingia nalo sebuleni akitembea kama bwana harusi, akaliweka juu ya kabati.

"Hili limetoka mbinguni, bibie."

"Lingebaki hukohuko lisingenichafulia kabati," mkewe akasema, lakini alicheka.

Baada ya hapo ikaja harufu, ya chuma kilichochomwa kikatiwa maji. Mke aliosha mapazia, akamwaga ndoo ya taka, akanusa hadi chini ya jiko. Harufu ilikuwa jikoni fundi akiwa jikoni, na chumbani akiwa chumbani. Kiti chake cha kulia chakula, kilichomstahimili miaka yote hiyo, sasa kilikuwa kikilia kila anapokaa, kwanza mara moja, kisha, baada ya kitambo kidogo, mara ya pili.

Siku moja fundi aliwasha mashine ndani ya nyumba ili kupima betri. Ikalia. Akadhani ni kimondo, akahamia jikoni, ikalia. Koridoni, ikalia, na mlio ulikuwa uleule mzito aliousikia juu ya lile shimo. Kesho yake hakwenda kazini.

Mkewe alirudi mchana kutoka kwa mteja akamkuta koridoni, hedifoni masikioni, macho mekundu.

"Funga mlango taratibu," fundi akanong'ona. "Kuna kitu humu ndani. Nikikifuata kinahama. Nikiingia chumbani kimo chumbani, nikitoka kimeshanitangulia."

"Umekula?"

"Bibie, nisikilize. Kinapumua."

Mke akaweka mkoba chini, akamvua zile hedifoni, akavaa mwenyewe, akaichukua mashine mikononi mwake. Alikuwa ameiona ikitumiwa kwa miaka minane na hakuhitaji kufundishwa. Akamwacha pale, akaenda chumbani, akaipitisha juu ya kitanda na chini yake na ndani ya kabati la nguo, kimya; akaenda jikoni, akapita jikoni kote, chini ya meza, nyuma ya mlango, kimya; sebuleni ililia mbele ya kimondo tu, mlio mfupi kama inavyotakiwa, ikanyamaza; na alipokuwa akirudi koridoni ameanza kutabasamu, ameshapanga maneno ya kumwambia mumewe akalale, ile sahani ikiwa bado hatua tatu kutoka aliposimama fundi, mashine ikaanza kunguruma, na kila alipoinyanyua kutoka miguuni mwa mumewe kwenda kiunoni, kutoka kiunoni kwenda kifuani, mlio ulizidi kupanda, hata ilipofika juu ya bega lake la kulia ukawa ukelele mmoja usiokatika, na ndani ya ukelele ule akasikia pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, ilhali mumewe alikuwa amebana yake.

Akashusha mashine. Akatazama nyuma ya bega lake.

"Mgongoni?" fundi akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo sana.

Mkewe akaitikia kwa kichwa.

Walikwenda kwa shangazi wa mke, aliyekuwa akitibu watu wenye majini tangu ujana wake. Mzee yule alimtazama fundi mlangoni, na hakumkaribisha kiti.

"Umemtoa wapi huyo?"

Walipomweleza, akatikisa kichwa. "Majini hupanda juu kusikiliza ya mbinguni, na vimondo ndiyo mishale wanayopigwa. Huyu alipigwa akaanguka, jiwe likamlalia. Vipande vya jiwe hilo vimo mwilini mwa jini huyu mpaka leo, ndiyo maana mashine yako inamwona. Miguu hana tena. Ulipomfunua, akaona mgongo."

"Ananitakia nini?"

"Kwanza kubebwa. Baadaye atataka mwili wote."

Akawaagiza kazi ya siku ya pili yake, saa sita mchana. Fundi alale chali ndani ya lile shimo hadi asikie mgongo umekuwa mwepesi, kisha atoke, na asitamke hata neno moja mpaka afike nyumbani. Mkewe ndiye atakayelirudisha jiwe mahali pake shimoni. "Jini atazungumza," shangazi akamwambia. "Usimjibu. Na usimwogope kupita kiasi. Jiwe lile hawezi kuligusa."

Kesho yake shangazi alibaki kwenye gari akisoma dua, maana magoti yake hayakuwa ya kushuka makorongo. Wale wawili wakashuka peke yao, mke amekumbatia jiwe. Jua lilikuwa utosini. Fundi akaingia shimoni, akalala, akafumba macho. Kwa muda mrefu kulikuwa na upepo tu. Kisha shingo yake ikakakamaa, udongo chini yake ukabonyea, na ile harufu ya chuma ikapanda kali mpaka mkewe akaziba pua kwa kanga. Baadaye fundi akajiinua, akatoka akitambaa, akasimama kando yake, amejaa vumbi, kimya kama alivyoagizwa.

Shimo likabaki tupu.

"Bibie," sauti ya mumewe ikaita kutoka shimoni. "Huyo aliyetoka si mimi."

Mke akachungulia shimoni, hakuona mtu.

"Amevaa mwili wangu. Mimi ameniacha huku chini. Mwulize neno uone kama atakujibu."

Akamgeukia mtu aliyesimama kando yake. Mtu yule alitikisa kichwa, midomo imebanwa. Macho yalikuwa ya mumewe. Lakini na sauti ilikuwa ya mumewe, hata ule ukwaruzo wa asubuhi, nayo sasa ilikuwa ikilia, ikimwita, ikataja jina la mtoto wao wa kwanza, yule aliyeishi siku moja tu, jina walilompa wawili peke yao wodini na hawakuwahi kulitamka mbele ya mtu mwingine.

Jiwe lilikuwa likimteleza mikononi, na hapo ndipo akakumbuka alichoambiwa kulihusu. Akamnyooshea yule mtu aliyekuwa kimya.

"Shika."

Mtu yule akalitazama jiwe. Mikono yake, kwa muda ambao mke hakuusahau tena, haikunyanyuka. Kisha ikanyanyuka. Akalipokea jiwe, akalikumbatia kifuani, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu.

Wakapiga magoti pamoja, wakaliteremsha wote wawili. Sauti ikaita lile jina tena kwa haraka, na katikati ya jina jiwe likatua.

Nyumbani, mlangoni, fundi alifungua mdomo akasema, "Nina kiu." Mkewe akakaa chini pale pale kizingitini, akalia mpaka majirani wakachungulia.

Jioni alimwuliza, "Lile jina alilijuaje?"

"Usiku nikikosa usingizi huwa naliita," fundi akasema. "Moyoni. Sikujua kuna anayesikia."

Mashati hayakuchanika tena, na kiti kikatulia. Mashine fundi aliivunja mwenyewe kwa nyundo. Lakini fundi akimwita mkewe kutoka uani, mkewe haitikii. Anasimamisha cherehani, anaweka nguo pembeni, anatembea hadi mlangoni na kumtazama usoni.

"Sema tena," humwambia.

Naye fundi, ambaye hajawahi kuuliza sababu, hurudia neno lilelile polepole, ili midomo yake ionekane.