Kitufe cha Ndani

Saa 4:15 asubuhi

Kinyozi aligeuza kibao cha mlangoni, akavuta pazia, akawaingiza wenzake wawili chumba cha nyuma. Chumba kilinuka spiriti na nywele zilizoungua. Alikuwa kinyozi wa kweli, tena mzuri. Watu wazima na heshima zao walimwachia shingo kila wiki, hawajui wamekaa chini ya wembe wa jambazi.

Mezani alipanga vifaa vyake. Kopo la poda. Kitana. Mkasi. Wembe.

"Kopo ndilo lango, namba moja. Kitana, mlango wa korido, namba mbili. Mkasi, mlango namba tatu. Wembe, namba nne. Nyuma ya namba nne kuna chumba cha chuma, ndani yake droo za vito. Saa saba kamili walinzi wanabadilishana zamu. Robo saa nzima hakuna jicho kwenye korido. Naingia, nazoa, natoka. Tairi ananisubiri garini. Dada ananisomea milango."

Tairi, dereva, aliitikia kwa kichwa. Mtu mnene, mwepesi wa kucheka. Ila akikaa karibu na yule dada, hacheki. Amekuwa hivyo mwaka mzima.

Dada mwenyewe walimwita Msomaji. Milango yote ya jengo lile iliendeshwa na programu. Programu ilikaa ndani ya kontena, yaani kijumba cha peke yake kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, huko wanakokuita mawinguni. Mlango ukifunguka, programu huandika mstari: saa, mlango, kadi. Mistari hiyo ndiyo logi. Kuisoma na kuipanga ilikuwa kazi yake ya mshahara, miaka sita, kwenye ofisi ileile wanayokwenda kuiibia.

"Ukiliua kontena, logi zinakwenda wapi?" Kinyozi aliuliza.

"Zinakufa nalo. Linazaliwa jingine, halikumbuki kitu."

"Na za mwaka jana?"

"Zilikufa pia."

"Una hakika?"

"Kaka, kazi ni yangu au yako?"

Kinyozi akaufunga wembe.

Ulikuwa uongo. Siku ya kwanza kazini Msomaji aliweka mpangilio mmoja mdogo: kila mstari, nakala yake itumwe nje, kwenye ghala la kumbukumbu. Kontena hata life mara mia, maneno yake yanabaki. Leo angeuzima mpangilio huo mwenyewe, kimyakimya. Lakini za mwaka jana alikuwa nazo, faili zima, kwenye flashi iliyoning'inia shingoni mwake chini ya blauzi. Alilala nayo. Alioga nayo.

Maana mwaka jana, mchana kama wa leo, mdogo wake alifia nyuma ya mlango namba nne.

Saa 6:20 mchana

Tairi aliegesha gari mtaa wa pili, mbele ya duka la rangi. Msomaji alikaa kiti cha nyuma, laptopu mapajani. Kazini aliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Kinyozi alishavaa ovaroli la fundi umeme, kifaa cha mawasiliano sikioni kama cha Msomaji, kadi mfukoni.

Mwaka jana mdogo wake Msomaji naye alivaa ovaroli kama lile. Genge lilimwita Kimya, kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Ofisini hakuna aliyejua kuwa mwizi aliyekutwa amekufa ni ndugu wa Msomaji. Baba zao tofauti, majina tofauti. Mama ni mmoja.

Kinyozi na Tairi walimwapia makaburini, udongo haujakauka. Eti walikuwa garini. Mlango ukajifunga wenyewe, saa saba na dakika kumi. Mfumo umegoma. Hawakuwa na la kufanya. Na chumba kile kikijifunga kwa dharura hutoa gesi ya kuzimia moto, na gesi hiyo humaliza pumzi ya mtu taratibu.

Msomaji hakuamini. Usiku wa matanga akafungua faili, akatafuta 13:10. Hakuna kitu. Tangu 13:02 mpaka 13:40, hakuna hata mstari. Programu iliganda. Programu yake, aliyoilea yeye. Mlango wake ndio uliomuua mdogo wake, wala haukusema neno.

Tangu hapo hakupata amani. Ukimya wa dakika zile ulimfuata bafuni, jikoni, kanisani. Nyumbani mama hakuruhusu tena mlango ufungwe, hata wa choo. Vitasa alivitoa mwenyewe kwa bisibisi. "Mwanangu alifungiwa," aliwaambia wageni, basi. Jioni moja tu alimgeukia binti yake akamuuliza, "Ile milango si wewe unayeiangalia?" Msomaji alizoa vyombo akaenda kuviosha. Mama hakurudia.

Ndiyo maana Kinyozi alipomfuata na maneno yake, "Mdogo wako aliacha kazi nusu, njoo umalizie," alikubali. Vito hakuvitaka. Alitaka kukaa na watu wa mwisho kumwona. Alitaka mmoja wao, siku moja, mdomo umteleze, amwambie: haukuwa mlango wako.

"Dada, tayari?" Kinyozi alishika mlango wa gari.

"Bado kidogo."

Ukurasa wa ofisini, anaosomea logi kila siku, ungeandika jina lake kuwa ameingia. Kwa hiyo leo aliingia kwa mlango wa nyuma wa mfumo, dirisha jeusi la amri tupu. Akabadilisha mipangilio. Kiwango cha uandishi: kila kitu, ili aone kila komeo likicheza. Kupeleka nje: hapana. Akaagiza logi zitiririke mbele ya macho yake, mstari kwa mstari.

"Tayari."

"Mkisikia nimenyamaza, msiondoke," Kinyozi alisema. "Mimi siachwi."

Tairi alikaza mikono kwenye usukani.

Saa 7:00 mchana

Mstari wa kwanza ulishuka.

10:00:41 mlango 1 umefunguliwa. kadi 0017

"Umo," Msomaji alisema. "Korido tupu. Nenda."

Kisha akakauka.

Saa ya gari ilisema saba na ushei. Mstari ulisema kumi, yaani saa nne ya asubuhi. Alitazama tena. Saa tatu nyuma.

Mungu wangu.

Kompyuta za mawinguni hazijui jua la kwetu. Zinaandika kwa saa yao moja, ya dunia nzima. Ule ukurasa wa ofisini ndio unaozigeuza ziwe za hapa, wenyewe, bila kuuliza, na miaka sita yeye alisoma ukurasa ule tu. Logi mbichi alizisoma mara moja maishani: faili la msiba, macho yamevimba kwa kulia. Akatafuta saa saba ya hapa kwenye karatasi ya saa ya kule. Mpumbavu gani! Mwanafunzi wa mwezi mmoja asingekosea hivyo.

"Dada? Namba mbili?" Sauti ya Kinyozi ilikwaruza.

"Fungua. Hakuna mtu."

10:02:10 mlango 2 umefunguliwa. kadi 0017

Aliivuta flashi shingoni, uzi ukakatika. Akaichomeka. Faili likafunguka upande wa kushoto. Akaandika mara tatu ndipo akapatia. 10:10.

10:09:52 mlango 4 umefunguliwa. kadi 0031
10:10:17 mlango 4 umefungwa kwa dharura, nje. kadi 0017
10:10:25 kitufe cha ndani kimebonyezwa. kimekataliwa
10:10:27 kitufe cha ndani kimebonyezwa. kimekataliwa
10:10:28 kitufe cha ndani kimebonyezwa. kimekataliwa

Ukurasa uliendelea. Alishuka nao. Mwanzoni kila sekunde. Kisha kila nusu dakika. Kisha moja, na kimya kirefu, na moja. Wa mwisho ulikuwa 10:33:08. Mara arobaini na moja. Mdogo wake, ambaye nyumbani hakuita mtu mara mbili, aliita mara arobaini na moja.

Upande wa kulia wa skrini, Kinyozi alifungua namba tatu. Kadi 0017.

Msomaji alizima kipaza sauti chake. "Tairi," alisema. Sauti haikuwa yake. "Mwaka jana kadi hii ya Kinyozi alikuwa nayo nani?"

"Yeye mwenyewe. Kimya alitengeneza mbili, yake na ya Kinyozi." Tairi aligeuka. Akaona uso wake. Akaona skrini. Hakujua kusoma logi, lakini kilichomo alikijua. "Dada..."

"Sema."

"Alitoka mbio. Akaniambia endesha. Nikamuuliza dogo yuko wapi. Akasema mlinzi alikuwa anakuja, ilibidi amfungie. Nikasema turudi tukamfungulie, kadi si unayo? Akasema keshakufa." Tairi alianza kulia, jitu zima. "Hata dakika tano hazikuwa zimepita, dada. Nikaendesha. Nikaendesha tu."

"Namba nne," Kinyozi alisema sikioni mwake. "Dada, nipe namba nne."

Msomaji alifuta pua kwa kiganja, akawasha kipaza sauti.

"Iko wazi, kaka. Ingia."

10:06:30 mlango 4 umefunguliwa. kadi 0017

Alimsikia akivuta droo. Alimsikia akicheka peke yake. Aliandika amri moja fupi, akabonyeza.

10:07:02 mlango 4 umefungwa kwa dharura. amri ya mbali

Kicheko kilikatika katikati. Chuma hakipitishi mawasiliano. Kinyozi alibaki na njia moja tu ya kusema.

10:07:09 kitufe cha ndani kimebonyezwa. kimekataliwa

"Moja," Msomaji alisema.

Saa 7:08 mchana

Alichukua simu ya Tairi, akapiga polisi, akataja jengo na mlango. Kisha akarudi kwenye mipangilio. Kupeleka nje: ndiyo. Mistari yote ikaanza safari kwenda ghalani, na hata kontena likifa, haifutiki tena.

"Tuondoke," Tairi alinong'ona.

"Wewe nenda. Umezoea."

Tairi alichomoa ufunguo wa gari, akauweka juu ya dashibodi, akatulia.

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Msomaji alihesabu kwa sauti. Mwanzoni alifurahi, tusidanganyane. Kila mstari ulimpoza. Acha abonyeze. Afike arobaini na moja, ajue ilivyokuwa.

Kwenye ishirini, mistari ilianza kuachana. Na hapo ikawa vibaya, maana mistari ni mistari. Haina uso. Kushoto kitufe, kulia kitufe, maneno yaleyale, na ghafla hakujua tena ni nani aliye ndani. Alimwona Kimya amepiga magoti. Alimwona na ovaroli lile lililompwaya mabegani. Alisikia kidole.

Ishirini na tisa. Dakika ya kumi na nne.

10:21:55 mlango 1 umefunguliwa. kadi 0002

Kadi ya mlinzi mkuu. Polisi walikuwa ndani. Namba mbili. Namba tatu. Walifika, wakakwama, maana amri ya dharura kutoka mbali haifunguki kwa kadi ya mlinzi. Hufunguka kwa mtunza mfumo tu, kwa jina lake kamili na neno lake la siri.

Kitufe hakikubonyezwa tena. Dakika nzima. Skrini ilitulia.

"Amekufa?" Tairi aliuliza.

Ukimya huu aliujua. Alikuwa ameishi nao mwaka mzima. Angeweza kuifunga laptopu na kwenda zake, na hakuna mama wa mtu angemlaumu.

Aliandika jina lake. Herufi zote, la baba na la ukoo.

10:24:40 mlango 4 umefunguliwa. amri ya mtunza mfumo

Kisha akashuka garini, akakaa kwenye ngazi ya duka la rangi, laptopu mapajani, akawasubiri.

Saa 11:30 jioni

Kinyozi alitolewa hai, akikohoa, vito mfukoni. Tairi alisema yote kabla hajaulizwa. Mpelelezi wa kituo, mama mmoja mwenye miwani, alisoma karatasi zilizochapwa mpaka mwisho, akazigeuza juu chini.

"Ungenyamaza tu, tusingekupata," alisema. "Jina umejiandikia mwenyewe."

"Ndiyo."

"Haya. Simu moja."

Ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Kituoni, mama. Sitarudi leo." "Mama, haukuwa mlango wangu. Ni mtu alimfungia. Kinyozi. Aliyeshika jeneza mbele."

Redio ya jirani ilisikika huko nyuma.

"Na huyo mtu yuko wapi sasa?"

"Nilimfungia mulemule. Akawa anabonyeza."

"Ukamfungulia?"

"Nilimfungulia."

Mama alivuta pumzi ndefu. Kisha Msomaji akasikia ndara zikiburuta sakafuni, polepole, kutoka sebuleni hadi ukumbini, na bawaba iliyokaa mwaka mzima bila kusogezwa ikilia. Mlango ulifungwa.

"Nimekusikia," mama alisema. "Kesho nakuletea nguo."