Boti Isiyotaka Kukauka

Boti ilikuwa imelala juu ya trela tangu jana, iko nchi kavu, chini ya paa la bati, jua linachoma na mvua hata kwa kuota hakuna. Sasa maji haya yaliyomo ndani yametoka wapi?

Fundi Kavu alichovya kidole kwenye ngama, pale chini kabisa tumboni mwa boti ambapo kila tone lililopotea njia huenda kujikusanya. Akakinusa, akakifuta kwenye suruali. Jana yake alipakausha kwa mkono wake mwenyewe. Alichomoa kizibo cha chini, akayaacha maji yatoke yote, akapangusa kwa matambara mpaka pakang'aa kama sahani ya mgeni.

"Shemeji," alimwita mwenye boti, "umemwaga maji humu?"

"Mimi? Mimi ninayeyachota kwa kopo kila asubuhi mpaka kiuno kinalia, leo niyarudishe?"

Mwenye boti alikuwa nahodha, kaka yake mke wa Kavu, mtu mwenye sauti ya kuita abiria hata akiomba chumvi mezani. Boti yake ilikuwa ya aina ile ambayo injini imekaa ndani, nyuma kabisa, na mguu wake wenye panga la kusukuma maji unatokea nje kupitia tundu la ukuta wa nyuma. Tundu hilo huvishwa mpira mnene wenye mikunjo kama shingo ya kobe, ili mguu ugeuke utakavyo na maji yabaki huko huko yaliko. Basi boti hiyo ilikuwa inavuja. Si kuvuja kwa kuzama. Kuvuja kwa kuudhi, kidogo kidogo, kama mtoto mwenye kamasi. Kavu alikuwa ameshaitengeneza na kurudishiwa, ametengeneza na kurudishiwa, mpaka watu pale gatini wakaanza kusema jina la Kavu alijipa mwenyewe.

Na aliyeongoza kucheka alikuwa mke wake. "Boti za watu unazikausha, ya kaka yangu unailowesha. Bado una kinyongo kwamba alikukanyaga siku ya harusi?"

"Nyumba hii ina mdomo mmoja tu," Kavu alijibu, "lakini unafanya kazi ya kumi."

Alikuwa ameshajaribu kila kitu. Alibadilisha bomba la maji ya kupoza injini. Alikaza skrubu za ukuta wa nyuma, akazipaka silikoni. Alifanya hata lile jambo la mafundi wavumilivu: akaijaza boti maji kwa ndani ikiwa juu ya trela, akajilaza chini yake chali kama mende, kwa sababu panapoingiza maji boti ikiwa majini ndipo panapotoa ikiwa nchi kavu. Aligeuka huku, akageuka huku. Hakikudondoka kitu, ila jasho lake.

Ikabaki poda. Mchana ule, wenzake walipokwenda kula na karakana ikanyamaza, alikausha tena tumbo la boti, akanyunyiza poda ya watoto kila mahali, nyembamba kama vumbi la kabatini, akakaa kwenye ndoo na tochi yake. Poda haina undugu na mtu. Maji yakipita, yanaacha mfereji.

Mfereji ukaja. Ila haukuanzia kwenye mpira, wala kwenye skrubu, wala kwenye kizibo. Ulianzia katikati ya sakafu, mahali pazima pasipo hata na mkwaruzo, ukatambaa taratibu kuelekea nyuma, ukaingia chini ya mpira na kupotea. Kavu aliutazama akakunja uso. Maji hayakuwa yanaingia. Yalikuwa yanatoka.

Kisha ikaja harufu, na haikuwa ya dizeli wala ya grisi. Ilikuwa harufu ya nywele mbichi zilizotoka kuoshwa. Na ule mpira wa mikunjo, injini imezimwa na hakuna hata upepo wa kutikisa kitambaa, ukajaa polepole, ukanywea polepole, ukajaa tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mtu mwenye akili timamu angeondoka. Lakini Kavu alikuwa amekasirika, na hasira ya fundi haijui kuogopa.

"Leo utanieleza," aliuambia mpira, akashika bisibisi.

Alipoufungua alikuta klipu ya chini, ile inayoubana mpira, imelegezwa, na kati ya mpira na chuma kimepachikwa kitambaa, kimekunjwa vizuri, kimeshindiliwa kwa uangalifu, kuacha upenyo wa unyuzi tu. Aliyefanya vile hakuwa mzembe. Mzembe hakunji kitambaa. Lakini tangu dunia iumbwe, fundi hajapata kusifu kazi ya fundi aliyemtangulia. Kavu alisonya, akakitupa kile kitambaa, akamtukana mtu asiyemjua pamoja na ukoo wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo dini aliyokuwa nayo. Akasugua chuma, akapaka gundi, akavisha mpira mpya, akakaza klipu mpaka zikalia.

Alipokaza ya mwisho, kitu kikagonga kutoka upande wa ndani. Taratibu, kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi ilhali yumo tayari.

"Chuma kinatulia," Kavu alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Boti ikashushwa majini, ikawa kavu. Kavu kabisa! Nahodha akatangaza gati nzima, na fundi wetu akapita pale kifua mbele kama jogoo aliyemeza jogoo mwenzake.

Nyumbani, mke wake alikuwa anacheka kitu alichosimuliwa na jirani, akapaliwa. Akakohoa, akajifuta kidevu, akatazama kiganja. Maji. Meupe, safi.

"Umekunywa vibaya," Kavu alisema.

"Sijanywa kitu."

Tangu hapo kikohozi hakikumwacha, na kila kikohozi na maji yake, kwanza kiganja, kisha kikombe, kisha bakuli, mpaka mto ukawa wa kukamuliwa na mwanamke aliyekuwa na mdomo wa watu kumi akawa anaomba pumzi ili aseme neno moja. Daktari alipima mapafu akasema hayana kitu, akatoa dawa ya maji, kana kwamba maji ndiyo yaliyopungua.

Siku moja, mchana, Kavu alimkausha mke wake shingo na kifua kwa taulo. Halafu, kwa kuwa mikono yake haikujua kazi nyingine na akili yake ilikuwa imechoka kutafuta, akachukua poda, akampaka kuanzia kifuani hadi kidevuni, akakaa kumtazama kama alivyoitazama boti. Akaona mfereji ukianzia katikati ya kifua, mahali pasipo na kidonda wala jasho, ukapanda juu, ulipanda, haukushuka kama maji yote ya Mungu yanavyoshuka, ukapita shingoni ukitafuta njia kwa upole kama kidole cha kipofu, ukafika pembeni ya mdomo ukaingia. Akaweka sikio mgongoni kwake, akasikia ndani ya mbavu za mke wake maji yakipigapiga, yakirudi, yakipigapiga tena, sauti ile ile aliyoisikia miaka yote kwenye boti zilizofungwa gatini, na chumba kizima kikanuka nywele zilizotoka kuoshwa.

"Kavu," mke alinong'ona. "Kuna mtu amejaa humu."

Akaitwa mganga, mwanamke waliyemwita Bi Moshi. Alikuja analalamika. Jua kali, ngazi nyingi, na watu wanamwita wakishamaliza kuharibu. Hakuwasha kitu wala kuimba. Alimtazama mgonjwa, akavuta pua, akamgeukia Kavu.

"Wewe kazi yako nini?"

"Fundi wa boti."

"Nilijua tu. Umeziba nini?"

"Nimeziba palipovuja, mama. Nizibe nini kingine?"

"Palipovuja!" Bi Moshi alipiga kofi pajani. "Kilichokuwa kinaingia na kutoka kwa adabu zake, wewe umekifungia ndani. Boti haina pa kumtolea, ameutafuta mwili wa karibu na mikono iliyomfungia. Unadhani angehamia kwa nani, kwa mjumbe?"

"Basi mtoe."

"Nimtoe aende wapi, na mlango umeukaza wewe? Nenda kafungue. Kimbia. Huyu jioni haioni."

Kavu alikimbia na bisibisi mkononi. Nahodha alikuwa anapakia abiria.

"Washushe, shemeji. Nailegeza klipu."

"Umerukwa? Boti imekauka mara ya kwanza tangu niinunue!"

"Dada yako anakufa."

"Dada ana kikohozi! Klipu yangu ina kosa gani na kikohozi?"

Kavu alijirusha majini na nguo zake, akashika mguu wa boti, akapapasa chini ya maji mpaka akaipata klipu, akailegeza. Akachana mfuko wa shati lake, akakunja kile kitambaa vizuri, kwa uangalifu, kama alivyokuwa amekunja yule aliyemtukana, akakishindilia. Mpira ukajaa mkononi mwake, mkubwa, wa moto kama shavu la mtu mwenye homa. Kisha ukashusha pumzi ndefu, na kitu laini kama nywele kikampitia vidoleni, kikaenda zake.

Aliporudi, mke wake ameketi kitandani, sakafu yote maji.

"Umelowa," alimwambia. "Fundi Kavu gani wewe?"

Kavu akakaa chini akalia, na Bi Moshi akamwambia aache, nyumba imeshalowa ya kutosha. Mlangoni mganga aligeuka. "Usizibe tena. Wala wewe wala mwingine. Hajafukuzwa huyu. Amefunguliwa tu."

Basi boti ikarudi kuvuja, na gati ikarudi kucheka. Kavu alimeza. Angesema nini? Nani angepanda boti yenye mwenyewe? Alimweleza shemeji yake peke yake, akamsihi, akamwapisha. Shemeji akaapa, huku ameshika kopo la kuchotea na uso wa mtu anayeonewa.

Wakakaa hivyo, mpaka watu wakasahau na mke akanenepa.

Asubuhi moja Kavu alikuwa mezani, mke jikoni anakaanga vitunguu na kumsimulia mambo ya jirani kupitia ukutani, haweki hata nukta. Simu ikalia.

"Shemeji!" Sauti ile ya kuita abiria. "Usikasirike. Nimempata fundi huku ng'ambo, kijana hodari! Kaona kitambaa akacheka mpaka akakaa chini, kisha akakitoa akaziba. Kavu kabisa, shemeji! Hata tone!"

"Rudi, mwambie afungue. Sasa hivi. Uko wapi?"

"Katikati ya maji, na abiria wamejaa. Halafu haifunguki hii, ameigandisha na gundi ya—"

"Katafute kisu, ukate mpira!"

"Nikate mpira tuzame?"

Kavu hakuwa anamsikiliza tena. Jikoni, vitunguu viliendelea kulia kwenye mafuta. Mke wake alikuwa amefika pale jirani alipofungua mlango na kumkuta nani sijui, na hapo sentensi ikakatika.

Kavu akangoja aimalizie.